Fundo la Majani Kwa Kalunde

Mwanangu Mwamvua,

Barua za watu huanza kwa kusema sisi huku hatujambo, hofu ni juu yako uliye mbali. Wewe hata mbali hujafika. Saa hii uko Itetemia unamuaga shangazi yako, na kama namjua dada yangu, ameshakuketisha mkekani na anakupakulia ugali kwa mara ya pili huku ukisema umeshiba. Mimi niko barazani hapa Gongoni. Kuna baiskeli ya mtu nimeipindua miguu juu na sijaigusa tangu swala ya alasiri. Naandika haraka ili umalize kusoma kesho ndani ya treni, kabla hujashuka Usoke na kupanda lori la kukupeleka mto Ugalla.

Ya safari siyagusi. Mama yako ameshakuambia uchemshe maji, utundike chandarua, usile ovyo kwa watu usiowajua, na usikatae chakula cha watu. Hayo mawili ya mwisho aliyasema kwa pumzi moja, kazi kwako kuyapatanisha. Sanduku lako amelifunga na kulifungua mara tatu. Anasema anatafuta sabuni, lakini mimi nimeishi naye miaka mingi na najua anachotafuta humo. Anatafuta namna ya kukufanya usiondoke.

Mimi nataka kukuambia habari ya siku ya samaki wengi.

Unaikumbuka. Ulikuwa umehitimu msahafu, umevaa gauni la kijani lililokuwa refu mpaka likawa linafagia, na mimi nikarudi kutoka mtoni na magunia manne ya kambare na perege waliokaushwa. Mtaa mzima ulikula. Mwalimu wako wa chuoni alibeba wa kwenda nao nyumbani. Ukawa unapita kwa wenzako unasema, "Baba yangu ndiye mwenye samaki wote." Siku zile ulikuwa unaiba rula yangu ya shaba ya kupimia nyavu, unakwenda kupima matundu ya chandarua cha bibi, kisha unamwambia chandarua chake si halali na utakichoma. Bibi akicheka mpaka anashika mbavu.

Mwaka jana ukatuandikia kwamba huko masomoni waliwauliza kila mmoja kwa nini amechagua kazi ya samaki, na wewe ukawasimulia siku ile. Mama yako aliisoma barua kwa sauti, tena mara mbili. Mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta pampu.

Samaki wale, mwanangu, hawakupaswa kuvuliwa. Na mimi ndiye niliyewavulisha.

Nilipelekwa Ugalla nikiwa kijana, uhuru nao ukiwa bado kijana. Nilikuwa na kaki mpya iliyopigwa wanga, baiskeli, rula, na kibao cha bati kilichoandikwa sheria za uvuvi kwa rangi nyeupe. Watu wakaniita Bwana Samaki, nami jina likanikaa kichwani vibaya. Watemi walikuwa wameondolewa juzi tu. Sisi tuliovaa kaki tulidhani kila kilichokuwepo kabla yetu ni ujinga wa kizamani, na kwamba tumetumwa kwenda kuufagia.

Mto ule wakati wa kiangazi haupiti. Unakatika, unabaki mabwawa mabwawa, na samaki wote wanasongamana humo. Ndipo wavuvi wanakuja kupiga dago, yaani kambi yao ya msimu, wanajenga vibanda na chanja za kukaushia. Mabwawa yote yalivuliwa isipokuwa moja lenye kina, lililoitwa Kwa Kalunde. Kalunde alikuwa mwanamke wa makamo, mjane, mfupi, mvuta ugoro, na kazi ya kulifunga bwawa lile aliirithi kwa mama yake. Maji yakianza kupungua alisokota kamba ya majani, akaifunga kwenye nguzo mbili palipokuwa na njia ya kushukia majini, na katikati akapiga fundo. Basi. Tangu siku ile hakuna aliyetia hata kitunga cha kuvulia. Mvua zikinyesha, mto ukiungana tena, samaki wakitoka kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofurika, Kalunde mwenyewe alikuja kulifungua. Hapakuwa na askari wala lango. Palikuwa na majani.

Nilifika mwishoni mwa kiangazi, jua kali, mimi na kibao changu. Nilikuwa na kibao lakini sikuwa na nguzo za kukipigilia. Nikaona pale mbili za mninga, zimechimbiwa vizuri, zimenyooka, zimefungwa majani makavu. Unamjua baba yako kwa kupenda njia ya mkato. Nikayakata yale majani kwa kisu, nikayatupa chini, nikapigilia kibao misumari minne. Nikarudi nyuma hatua tatu kukiangalia. Kilipendeza. Katika kambi nzima waliojua kusoma walikuwa wawili, na mmoja wao ni mimi.

Kesho yake asubuhi akaja mvuvi mmoja aliyeitwa Shija, mwembamba, mtu wa mizaha. Siku ile hakutania. Aliangalia nguzo, akaangalia chini.

"Bwana Samaki, majani ya mama yametolewa na nani?"

"Nimeyatoa mimi."

"Wewe mwenyewe? Serikali?"

"Mimi mwenyewe."

Akaniangalia, akaliangalia bwawa, akaondoka mbio kuelekea kambini. Nikajisemea moyoni, huyu ni raia mwema, anakwenda kuwaita wenzake waje kusomewa kibao.

Kabla ya adhuhuri kambi yote ilikuwa majini. Kesho yake zikaja kambi mbili nyingine, wanawake na vitunga, wanaume na nyavu. Siku ya tatu likaja lori kutoka mjini. Sikuelewa lolote, Mwamvua. Nilisimama ukingoni na rula yangu napima matundu ya kila wavu unaoingia, na yote yalikuwa halali. Nilifurahi! Nilikaa chini ya kibanda nikaandika ripoti kwamba wananchi wameipokea sheria vizuri na hakuna hata mmoja aliyeivunja.

Siku hiyo ya tatu ndipo Kalunde aliporudi. Alikuwa amekwenda upande wa juu wa mto, binti yake amejifungua. Alipita katikati ya watu, nao wakawa wanampisha bila kumtazama usoni. Akanifikia.

"Mwangaluka, mwanangu," akanisalimu kwa lugha ya kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe uliyekata majani yangu?"

"Ndiyo, mama. Yalikuwa yameshakauka."

"Na hicho ulichotundika kinasema nini?"

Nikamsomea chote, tangu juu mpaka chini, kwa sauti ya mkutanoni. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

"Kimewaambia wavue kwa wavu gani. Kimewaambia wavue lini?"

"Mama, usiwe na wasiwasi. Nyavu zote nimezipima."

"Umepima nyavu," alisema. "Na bwawa umelipima?"

Nikacheka. Nataka ulijue hilo, nilicheka mbele ya watu, na wachache wakacheka nami kwa kuwa nilikuwa nimevaa kaki. Yeye akainama, akaliokota lile fundo lililokuwa limekanyagwa kanyagwa kwenye tope, akalikung'uta, akalifunga kwenye pindo la kanga yake kama mtu anayefunga dawa, akaenda zake. Jioni ile nikanunua magunia manne. Samaki walikuwa wengi hata hawana bei, wengine wanaoza kwa kukosa chanja. Hao ndio mtaa wetu uliowala, na wewe ukavaa gauni la kijani.

Kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba mimi nilipaswa kujua. Babu yangu alikuwa mpagazi. Amebeba pembe mabegani kutoka Ujiji kupitia hapa mpaka pwani, akarudi na mitumba ya nguo, na tulipokuwa watoto alitusimulia hadi tukawa tunamalizia maneno yake. Msafara ukiwa mrefu, wa mbele hawaonani na wa nyuma. Wakifika njia panda, wa mbele hukata tawi wakalilaza kwenye njia isiyo yao, ili wa nyuma wasipotee. Hakuna aliyeligusa tawi lile, hata mwizi wa njiani hakuligusa. Siku moja tukienda shamba nililipiga teke tawi lililokuwa limelala njiani, nikapata kibao cha kisogo ambacho mpaka leo nikikikumbuka nasikia moto. "Anayeondoa tawi," babu akasema, "anapoteza watu asiowajua." Mjukuu wa mzee yule nikafika mtoni, nikakuta majani yamefungwa kuvuka njia, nikaona takataka.

Kiangazi kilichofuata nyavu zilitoka na tope na magugu. Mbegu ilikuwa imekwisha. Watu walikaa kambini wiki mbili, tatu, wakisubiri kitu ambacho hakipo, na chakula walichobeba kikaisha. Ndipo wakaanza kusuka nyavu za matundu madogo, wengine wakatwanga magome ya kulevya samaki. Na hapo ndipo baba yako alipokuwa mkali. Sheria ilikuwa upande wangu, unaona.

Nilimkamata Shija na wavu usiopitisha hata kidole. Aliniambia polepole, kama mtu anayemweleza mtoto, "Bwana Samaki, mwaka jana nilivua kwa wavu wako mkubwa, samaki hawakuhesabika. Mwaka huu wa kuingia kwenye tundu kubwa hayupo. Nifanye nini?" Nikawasha kiberiti. Mke wake alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Moto ulipozimika alichutama akaokota vyelezo vya wavu visivyoungua vizuri, kimoja kimoja, akavipangusa masizi. Ukanipitia wewe akilini, nikageuza uso. Niliporudi Tabora nikasifiwa, na wewe ukawatangazia watoto wa Gongoni kwamba baba yako anachoma nyavu za wezi. Sikukusahihisha.

Kisha ikaja Operesheni, watu kuhamishiwa vijijini. Kikao kiliniuliza mimi kama mtaalamu: hawa wa mtoni wabaki au waende? Nikasema waende, maji yapumzike. Wakapandishwa malori na vyungu vyao, wakashushwa kando ya barabara, mbali na mto, wakapimiwa mashamba. Sisemi kijiji kile hakina jema. Kina shule, kina zahanati, mtoto yule wa mgongoni sasa anasoma. Lakini Kalunde, ambaye mikono yake ilijua maji tangu utotoni, alikabidhiwa tuta la tumbaku. Na maji hayakupumzika. Bwawa lisilo na mwenyewe likawa la kila mwenye lori. Waliingia kwa zamu wageni ambao hata jina la mahali hawalijui, na mlinzi nilikuwa mimi peke yangu na baiskeli yenye pancha. Hapo nikajua kwamba wale niliowaondoa ndio waliokuwa boma la mto, nikavua kaki nikaja kutengeneza baiskeli za watu hapa barazani.

Usije ukafika huko ukidhani Kalunde alikuwa malaika. Alikuwa na yake. Siku ya kufungua, ukoo wake ulitia vitunga kwanza, na wageni waliotoka mbali, Waha na wengine, wakaokota mabaki. Watu walinuna, na mara moja nasikia walipigana kwa makasia. Tena siku hizi watu wameongezeka, nyavu za nailoni hazichoki, lori halichoki. Majani peke yake hayatatosha. Rula yangu nimeitia sandukuni mwako, chini ya vitabu. Usiitupe kwa sababu baba yako aliitumia kama kipofu. Ila kila utakapoitoa, muulize na mtu wa pale swali ambalo mimi sikuuliza hata siku moja kwa miaka yote niliyokaa mtoni: tukifunga hapa, miezi hiyo yote mtakula nini? Kama hawana jibu, mlitafute pamoja, mwache bwawa moja wazi, au mawili, uwapigie kelele wakubwa wako wakupe mbegu za mihogo, sijui. Ukifunga maji huku sufuria ziko tupu, watakutii mchana na kuvua usiku, nawe utakuwa unakimbizana na watu wenye njaa kama nilivyofanya mimi. Nisingependa uzeeke hivyo.

Kuna jambo jingine. Unaikumbuka ile doti ya kanga nyekundu niliyomletea mama yako bila sikukuu, mpaka akashangaa na kunipiga maswali wiki nzima? Haikuwa yake. Nilikuwa nimeinunua kumpelekea Kalunde, kumwomba radhi. Nikafika Usoke. Nikakaa stesheni toka asubuhi nikiona malori yanaondoka kwenda huko, moja, jingine, na la tatu. Jioni nikapanda treni ya kurudi. Mama yako nimemwambia ukweli juzi. Akasema, "Basi ndiyo maana ilipauka upesi." Jana amekwenda mwenyewe dukani akanunua nyingine. Iko juu kabisa ya sanduku lako, imefungwa kwa gazeti. Ndiyo hiyo uliyouliza ni ya nani, naye akakwambia funga mdomo ufunge mkoba.

Barua ya kituo chako ilipofika na nikaona imeandikwa Ugalla, nilishikwa na baridi. Wiki mbili zilizopita nilipokuaga nakwenda kununua viraka, sikwenda kununua viraka. Nilikwenda ofisini kwenu kuomba wakupeleke kwingine, popote, hata Kigoma. Nilifika mpaka mlangoni na mkono nimeuinua kubisha. Kisha nikajiuliza ninayemwokoa ni nani, na jibu halikunipendeza. Sikuogopa uumie wewe. Niliogopa usije ukasimuliwa huko siku ya samaki wengi na watu walioiona kwa upande wa pili, na kuanzia siku hiyo ukawa unaniandikia barua fupi fupi. Nakupenda, Mwamvua, na nilipenda mno jinsi ulivyokuwa ukinitazama. Kwa ajili ya macho yale nimeishi na uongo miaka kumi. Leo nimeona afadhali uyageuze nikiwa nimekwambia mwenyewe.

Mrina asali mmoja wa Usoke aliyekuja kutengenezewa baiskeli amenipa habari. Wale watu wameruhusiwa kurudi kupiga dago wakati wa kiangazi, chini ya uangalizi wa Bibi Samaki mpya. Bibi Samaki huyo ni wewe, wala hawajui ni mtoto wa nani. Kalunde yuko hai, pale kijijini kando ya barabara. Jicho lake moja halioni vizuri. Mrina asali anasema nguzo zile mbili bado zimesimama, mninga hauozi, na kibao changu kimeshika kutu lakini bado kipo.

Kwa hiyo ukishuka kwenye lori, kabla hujavaa kaki, ulizia nyumba ya Kalunde. Piga goti, mwamkie, mpe kanga kwa mikono miwili. Atakuuliza wewe ni mtoto wa nani, kama wazee wote wanavyouliza. Usimtajie Gongoni, usimtajie masomo. Mwambie, mimi ni mtoto wa yule aliyekata majani. Kisha nyamaza. Akikufukuza, toka kwa heshima na urudi kesho yake, na keshokutwa. Mimi nilirudi nyuma mara moja tu na imenigharimu miaka yote hii.

Siku atakayokubali kwenda nawe mtoni, mshike mkono, njia ya kushukia ina mteremko. Namsikia mama yako anasema umeonekana kwenye kona, na vidole vyangu vina wino, acha nimalize. Koleo langu la baiskeli nimelifunga kwenye kitambaa, liko pembeni mwa sanduku, usidhani ni makosa. Misumari ni minne, nilipigilia kwa nguvu zote za ujana, itakusumbua. Kibao king'oe. Nguzo ziache pale pale. Ni zake.

Baba yako